Kemuma wa Mizani ya Juu

Kila siku inapokaribia saa tano ya asubuhi, kinu cha Mizani huzimwa. Mahindi yawe yamefika nusu ya faneli, mteja awe ametoka mbali na mtoto mgongoni, haidhuru. Kemuma Orina hukata dizeli, injini ikakohoa kama mzee aliyepaliwa na chai, mkanda ukalegea, na ghafla kuku wa kituo kizima wakaanza kusikika. Wanawake waliozoea huketi juu ya magunia yao. Mgeni akiuliza kumeharibika nini, huambiwa kwa sauti ya chini, kama ya kanisani, "Hakujaharibika kitu. Ni saa ya salamu."

Kipindi chenyewe huchukua nusu saa, ila Jumapili huendelea hadi alasiri. Wasikilizaji wa kila pembe ya Kenya hupiga simu redioni, au huandika, wakasalimiana kwa majina na kuachiana ujumbe. Wengi wao hawajawahi kuonana. Wanajuana kwa sauti tu, na kwa mahali mtu anapojitaja kuwa yuko. Hujiita wanasalamu, na Kemuma ni mwanasalamu tangu enzi za kadi, zile zilizonunuliwa dukani, zikajazwa kwa kalamu na kutumwa kwa posta.

"Watu wengine wana kanisa," Chrispine, mwenyekiti wa steji ya bodaboda, alikuwa akipenda kusema. "Huyu mathe ana kanisa na ana redio. Jumamosi hasagi kwa sababu ya Mungu, saa tano hasagi kwa sababu ya mtu wa Kitale. Sisi tutakula ugali lini?"

Wanawake walicheka. Kemuma naye alicheka, lakini kinu hakukiwasha.

Mizani iko kwenye barabara ya vumbi inayotoka Karungu kwenda Macalder, katika Nyatike. Anayeipita kwa gari huona maduka machache yenye mabati yaliyopauka, kibanda cha chai, pikipiki zilizoegeshwa kivulini, na jengo moja refu la mawe lenye ukumbi mpana mbele. Akipepesa macho, ameshapita. Kibao hakuna. Chifu anakaa kwingine. Nusu ya kituo imo katika kata ndogo moja na nusu ya pili katika kata nyingine, kwa hiyo kila ofisi hudhani ofisi ile nyingine ndiyo inayoijua Mizani. Siku ya uchaguzi, majirani wanaopeana chumvi dirishani huenda kupiga kura katika shule mbili tofauti. Kwenye ramani ya simu, hapo ni barabara tupu.

Kemuma alifika hapo akiwa bibi harusi. Mumewe, Orina, Mkisii mwenzake, alikuwa ameajiriwa kuendesha kinu, na alimleta kutoka vilima vya Ogembo, kwenye migomba na ukungu, mpaka kwenye ardhi nyeusi inayopasuka kiangazi na kung'ang'ania viatu masika. Kijaluo hakukijua hata neno. Wanawake waliokuja kusaga walimwita nyar Kisii, binti wa Kisii, wakamwonyesha kwa vidole kiasi cha unga walichotaka. Mchana kutwa kinu kilinguruma. Jioni Orina alipozima, palibaki redio yao ndogo, na humo ndani palikuwa na watu waliozungumza Kiswahili alichokielewa, wakisalimiana kama ndugu.

Kadi yake ya kwanza aliiandika kwa uangalifu wa mtihani. *Mimi ni Kemuma Orina, nikiwa Mizani.* Mtangazaji wa siku hizo aliisoma, akasita. "Mizani? Huko nako ni wapi, jamani?" Akacheka, akafungua kadi ya mtu mwingine.

Orina alimwambia ni mzaha tu. Lakini Kemuma hakulala vizuri. Alikuwa ameacha nyumba ya mamake, vilima na lugha yake, akaja kukaa mahali ambapo mtu wa redio, anayejua nchi nzima, hapajui. Basi yeye yuko wapi?

Kuanzia hapo alianza kuuliza. Foleni ya kinu ni ndefu na wazee hupenda kuulizwa. Kijaluo chenyewe alijifunzia humo, swali moja baada ya jingine. Aliambiwa kwamba lile jengo la mawe lilikuwa stoo ya pamba ya chama cha ushirika, wakati pamba ilipokuwa pamba. Mizani kubwa ya chuma ilining'inia kwenye boriti ya ukumbini, wakulima wakapanga foleni hadi barabarani, na hiyo ndiyo iliyopapatia mahali hapo jina. Chama kilipokufa, mizani ilichukuliwa, ndoano ikabaki. Muuguzi wa kliniki ya kutembea naye akaiona ndoano inafaa, akawa anatundika hapo kipimo chake cha watoto. Watu wazima wengi wa Mizani, akiwemo Chrispine, walishawahi kuning'inia hapo wakiwa uchi na kulia.

Aliambiwa kwamba ukumbi ule uliinuliwa juu ya vidato vya ngazi ili lori lipakie marobota bila watu kuvunjika migongo, na kwamba karani wa pamba, aliyekaa ukumbini, aliwaita wakulima waliokuwa barabarani "ninyi wa chini." Aliambiwa habari za vijana waliotoka machimbo ya Macalder wakiapa kwamba nyuma ya stoo kuna dhahabu, wakachimba mpaka wakafika kwenye maji, wakaondoka kwa aibu, na Mizani ikapata kisima chake cha kwanza. Aliambiwa pia kuhusu kona ya barabara ambako wakulima walikalia magunia yao wakikataa bei, mvua ikawanyea, na bado wasiinuke.

Kadi zilizofuata hazikusema tena "nikiwa Mizani." Zilisema, "nikiwa Mizani ya Juu, hatua chache kutoka Ndoano." Zilisema, "nikitokea Kisima cha Dhahabu, napanda kuelekea Kona ya Mgomo." Watangazaji walibadilika, kadi zikawa simu, Orina akafariki na kinu kikabaki mikononi mwake, ndugu wa Ogembo wakaja kumchukua na yeye akakataa. Salamu zikaendelea. Ikafika mahali mtu wa Voi au Bungoma hawezi kusikia jina la Kemuma bila kuona akilini mwake mji wenye mitaa, wenye juu na chini, na katikati yake ndoano.

Mizani yenyewe haikutumia majina hayo. Ilimcheka.

Mapema mwaka huu simu iliita. Alikuwa Austine wa Kitale, mwenyekiti wa klabu ya wanasalamu, mtu ambaye Kemuma amemsalimu redioni kwa miaka na hajawahi kumwona.

"Bi Kemuma, tumeamua. Ziara ya mwaka huu ni kwako."

Kemuma aliketi juu ya gunia la mtu.

Klabu hiyo hutembelea mwanachama mmoja kila mwaka. Hukodi basi, wakaja na ngoma na vyakula, wakapanda mti na kusimika kibao chenye jina la mahali. Kemuma alikuwa akizisikia ziara hizo redioni na kulala akiwaza.

"Lakini nikwambie ukweli, dada," Austine aliendelea, akishusha sauti. "Kuna wenzetu wanaonong'ona. Wametafuta Mizani kwenye simu zao, hawaioni. Kuna anayesema hakuna Mizani, ati wewe unapiga kutoka Kisii mjini na haya mengine unajitungia. Mimi nimekutetea. Nimewaambia tutafika, tutaona kwa macho."

"Njooni," Kemuma akasema. "Mtaona."

Alikata simu. Aliutazama ukumbi wa stoo, vidato vyake na mbuzi aliyelala juu yake. Kwa mara ya kwanza aliiona Mizani kama atakavyoiona mtu anayeshuka kwenye basi.

Habari haikuhitaji kutangazwa, kwa sababu foleni ya kinu iliibeba. Wa kwanza kuja alikuwa Abdirahim, mwenye duka la jumla, aliyetoka Isiolo akiwa kijana na sasa anabishana kwa Kijaluo kuliko Wajaluo.

"Mama Kinu, nasikia umeuza mji na wenye kuununua wanakuja kuuona."

"Sijauza kitu."

"Wallahi, basi zima! Watu wanatoka Voi kuja kuangalia nini? Duka langu?"

"Waangalie. Uchafu wa mbele uufagie kwanza."

Abdirahim alicheka, akarudi dukani, na jioni hiyo alionekana amepanda ngazi akipaka kuta rangi. Lynnet wa kibanda cha chai alipomwona, akanunua rangi naye. Siku iliyofuata mtu alimwondoa mbuzi ukumbini. Mambo yalienda hivyo, bila mkutano wala kamati. Wanaume walifyeka njia ya kisima. Vikombe vilikusanywa kutoka nyumba hadi nyumba. Watu waliokuwa wakimcheka Kemuma walianza kumjia wakijifanya wanapita tu.

"Mathe," Chrispine aliuliza siku moja, akichezea funguo za pikipiki, "hii Kona ya Mgomo ni ile ya kwa fundi wa viatu, ama ile ya chini?"

"Ya fundi wa viatu. Unataka kujua ya nini?"

"Wageni watataka kubebwa. Siwezi kubeba mtu nimpeleke mahali sijui."

"Umezaliwa hapa, Chrispine."

"Ndiyo nauliza," akasema, na kuondoka.

Abdirahim alitoa shuka jeupe na Lynnet, mwenye mwandiko mzuri, akaandika kwa rangi nyekundu: KARIBUNI WANASALAMU MIZANI. Lilitundikwa juu ya barabara, kati ya paa la duka na nguzo ya ukumbi, likielekea upande wa Macalder. Hakuna aliyejadili lielekee wapi. Kila kitu kilichowahi kuja Mizani na kikawa na maana, lori la pamba, muuguzi, nguzo za umeme, kilitoka upande huo, wa Migori. Upande wa Karungu hutoka omena na mvua.

Siku ya ziara ilikuwa Jumapili. Misa ya Wakatoliki ilikuwa fupi kuliko kawaida, na padri mwenyewe alisikika akiuliza saa. Kabla jua halijawa kali watu walishajaa pande zote mbili za barabara, wanawake na leso zao mpya, wazee wakiwa wamekalia viti vya Lynnet, Abdirahim akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na amefungua kipaza sauti mbele ya duka. Kemuma alivaa gauni la buluu na kitambaa cha kichwa kilichofanana nalo. Kinu alikifunga. Alisimama kwenye kidato cha juu kabisa, macho yakiwa barabara ya Macalder.

Basi likatokea nyuma yao.

Walisikia honi kwanza, kisha ngoma, halafu wakageuka. Lilikuwa basi kubwa jeupe, limefungwa riboni, vumbi likipaa nyuma yake kama moshi wa makaa. Lilitoka upande wa Karungu. Wageni walikuwa wamelala Homa Bay, na dereva aliamua kuzunguka kupitia Ndhiwa ili waone ziwa. Mizani ilipiga vigelegele vya kupasua masikio. Leso zilirushwa hewani. Ndani ya basi, vichwa vilijaa madirishani, mikono ikapunga, mtu akapuliza firimbi. Mizani ikapunga mara mbili zaidi.

Na basi likapita.

Lilipita chini ya shuka ambalo kwa upande ule lilikuwa jeupe tupu. Likapita stoo, kinu na Kona ya Mgomo, likiimba na kupunga, likapinda, likazama kwenye vumbi lake.

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja.

"Linaenda kugeuza," Lynnet akasema.

Wakangoja ligeuze. Ngoma ikafifia hadi ikawa kama moyo wa mtu wa mbali.

"Yawa," mzee mmoja akasema polepole. "Hao wamedhani sisi ni harusi."

Kemuma alitazama vumbi likitua. Alielewa kabla ya wote. Watu wale walikuwa wakitafuta mji. Walikuwa wakitafuta mitaa, Juu na Chini. Waliona watu wachache wamesimama kando ya njia, wakawapungia kwa heshima, na sasa walikuwa wakiendelea kuitafuta Mizani. Wangefika Macalder na kuuliza. Macalder watu wanatafuta dhahabu, nani ana muda na kituo kisicho na kibao? Wangefika Migori, wakashika lami, na mtu fulani kiti cha nyuma angesema: niliwaambia.

Alitoa simu akampigia Austine. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ndani ya basi lenye ngoma ile, nani angesikia simu?

"Mathe, panda!" Chrispine alikuwa ameshawasha pikipiki. Halafu akaizima mwenyewe. "Hapana. Hilo basi linaenda mbio, na vumbi lile sioni hata taa yangu. Tutakufa kabla ya Macalder."

"Saa ngapi?" Kemuma akauliza.

"Nini?"

"Saa ngapi sasa!"

Abdirahim alitazama saa yake. "Tano inakaribia."

Kemuma alishuka vidato. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na wanawake wa foleni waliitambua. Ilikuwa ile ya kuzima kinu.

"Saa tano wanasalamu wote hunyamaza. Hata wakiwa matangani. Ngoma watasimamisha, dereva ataambiwa afungue redio. Ni lazima tuingie hewani. Toeni simu."

"Simu zipi?" Lynnet akauliza.

"Zote! Laini ya salamu haishikiki kwa simu moja. Mimi huchukua wiki nzima kuipata. Pigeni wote, mkikuta imeshikwa, pigeni tena."

Aliitaja nambari kwa sauti, moja moja, na Abdirahim akairudia kwenye kipaza sauti. Barabara nzima ikainamisha vichwa. Wazee waliwapa wajukuu simu zao wapigiwe. Padri, aliyekuwa amefika sasa hivi na hajui kilichotokea, alijikuta naye anabonyeza. Redio ya dukani ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, na muziki wa kufungulia kipindi ukaanza kutoka kwenye kipaza sauti, ule ambao Mizani nzima inaujua kama inavyojua mlio wa injini kufa. Mtangazaji Sheila akawasalimu wasikilizaji. Akampokea mtu wa Mwea. Akampokea mtu wa Taveta, aliyewasalimu shemeji zake wote na hakuwa na haraka.

"Imeshikwa," watu walisema huku na kule. "Imeshikwa. Imeshikwa."

"Inaita!" Chrispine akaruka. "Yangu inaita!"

Kipaza sauti kikapiga yowe la kutoboa. Sauti ya Sheila ikasikika mara mbili, dukani na sikioni mwa Chrispine: "Msikilizaji, punguza redio yako..."

"Zima!" Kemuma akapaza sauti, na Abdirahim akang'oa waya ukutani.

Sasa hawakuweza kusikia upande wa pili. Walimwona Chrispine tu, amesimama katikati ya barabara na simu sikioni, macho yamemtoka.

Kemuma alimkimbilia, mkono ameunyoosha apewe simu. Halafu akausitisha. Simu ikitoka sikioni ikayumba, laini hukatika. Ilishamtokea.

"Eeh. Halo. Habari yako, Sheila," Chrispine akasema. Watu waliokuwa wakingoja afoke, alie, aseme basi limepotea, walimwona akijinyoosha kama mtu anayepigwa picha. "Mimi ni Chrispine, mwenyekiti wa steji. Niko Mizani ya Chini, nimesimama mkabala na Ndoano, ambapo mimi mwenyewe nilipimwa uzito nikiwa mtoto."

Lynnet alijifunika mdomo kwa leso.

"Mkono wangu wa kushoto ni Kona ya Mgomo, pale watu wetu walinyeshewa na hawakuinuka. Nyuma ya stoo ni Kisima cha Dhahabu. Na hapa mbele yangu amesimama Bi Kemuma Orina wa Mizani ya Juu, amevaa buluu, na kinu amekizima." Akavuta pumzi. "Napenda kuwasalimu wanasalamu wote mlio ndani ya basi jeupe lenye riboni. Ujumbe wangu ni huu: wale mliotupungia mikono, ndio sisi. Mmetupita. Rudini nyumbani."

Alisikiliza kidogo. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, dada. Ipo. Mimi nimezaliwa hapa." Akashusha simu.

Kisha Kemuma akauliza, karibu kwa kunong'ona, "Ulijulia wapi hayo yote?"

"Mathe." Chrispine alijipangusa jasho. "Miaka yote hiyo unazima kinu tukinyamaza. Ulidhani tulikuwa tunasikiliza nini?"

Kungoja kulikuwa kubaya kuliko kupiga simu. Mtu alisema labda basi halina redio. Mwingine akasema labda wameshafika Migori. Abdirahim alimletea Kemuma soda asiyoiomba, na akaishika bila kuinywa. Alirudi kidato cha juu akasimama pale pale alipokuwa asubuhi, macho barabara ya Macalder.

Vumbi likaonekana kwanza. Halafu honi, ndefu, isiyokatika.

Safari hii basi lilitoka upande wa Migori kama kila kitu cha maana, na shuka likawatazama usoni kwa herufi nyekundu. Lilisimama chini yake. Mlango ukafunguka na mtu mnene mwenye kofia akaruka kabla halijatulia vizuri.

"Bi Kemuma yuko wapi?"

"Austine," Kemuma akasema. Sauti ile aliijua.

Walikumbatiana wakizungushana hadi kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Wageni wakamwagika barabarani, kila mmoja akitaja jina lake na kila jina likijibiwa kwa kelele, kwa maana Mizani nayo ilikuwa inayajua. "Wa Taita ni wewe?" Lynnet alimshika mwanamume mmoja mikono. "Mkeo alipona mguu?"

Kisha kelele zikapungua, wageni wakaanza kutazama. Kemuma aliwaona wakigeuza shingo huku na huku. Waliyatazama maduka. Waliitazama barabara, ikija na ikienda. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua akauliza, bila ubaya, "Na hiyo Mizani ya Juu, iko mbali?"

Kemuma akainua mkono aonyeshe. Chrispine akatangulia.

"Panda hivyo vidato viwili."

Kijana akapanda.

"Umefika. Ukishuka, umerudi Chini."

Kicheko kikalipuka, lakini Kemuma hakujua bado ni kicheko gani. Bibi mmoja mzee hakucheka. Alikuwa Bi Ayesha wa Voi, mwanasalamu wa zamani kuliko wote, aliyeingia kwenye basi siku mbili kabla na mkongojo. Alijivuta vidato vile, akamshika Kemuma bega, akainua uso kwenye boriti.

"Ndoano ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama."

Bibi aliiangalia kwa muda. Ilikuwa kipande cha chuma kilichopinda, si kikubwa kuliko mkono wa mtu, kimesuguliwa kikang'aa mahali pamoja kwa miaka ya magunia na watoto.

"Ni ndogo," akasema.

"Ni ndogo," Kemuma akakiri.

"Nami najaribu kukumbuka siku uliyosema ni kubwa." Bi Ayesha aliwageukia wenzake walio chini. "Nimemsikiliza huyu binti tangu enzi za kadi. Alisema ndoano. Alisema vidato, kisima, kona. Kuna aliyemsikia akisema jiji? Sisi ndio tuliojenga maghorofa." Akampa Kemuma mkono rasmi, kama watu wanaokutana mara ya kwanza. "Umekuwa hapa kweli, mwanangu. Kila siku."

Kemuma akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

Ikawa sherehe. Kibao kilishushwa kutoka juu ya basi, na pakazuka ubishi mkubwa kati ya watu wa kata ndogo hii na ile kuhusu kisimikwe upande gani, hadi Abdirahim akasema kisimikwe mbele ya kinu kwa kuwa kinu ndicho kinachowanyamazisha wote. Pikipiki zilibeba wageni kwenda Kona ya Mgomo, safari fupi kuliko kuwasha pikipiki yenyewe, na kila mmoja alidai apelekwe. Watu wa Mizani waliwafuata wageni wao kisimani wakasikiliza mtu wa Bungoma akimweleza mtu wa Mwea jinsi vijana wa Macalder walivyokosa dhahabu wakapata maji. Hakukosea hata neno.

Kibao kilipokwisha kusimama wima, Austine alinyanyua mkono.

"Bi Kemuma, kuna deni moja. Miaka hii yote ukiingia hewani unatuambia kinu umekizima. Tunajua habari za kile kikohozi tu. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kukisikia kikiwa hai."

"Kipindi hakijaisha," Kemuma akasema, akitupa jicho dukani. Abdirahim alikuwa amerudisha waya, na Sheila alikuwa anamuuliza mtu kama wageni wamefika Mizani.

"Leo tuko wote hapa," Bi Ayesha akasema. "Umzimie nani?"

Kemuma alifungua mlango wa kinu. Alijifunga leso kiunoni juu ya gauni la buluu, akachomeka hendeli, akaizungusha mara moja, injini ikakataa. Chrispine akajitokeza kumsaidia, akasukumwa kando kwa kiwiko. Akaizungusha tena, kwa nguvu zake zote, na injini ikashika. Moshi mweusi ukapaa juu ya paa, mkanda ukakaza, mabati yakaanza kutetemeka, na ardhi ya Mizani ya Juu na ya Chini ikanguruma chini ya miguu ya watu wote. Redio haikusikika tena. Lynnet, aliyekuwa na debe lake la mahindi tangu jana, akalimimina kwenye faneli.